Wanaoanza Kifaransa chuoni kutoka sifuri: anzieni kwenye Kiswahili, Kiingereza kitawachelewesha

Kalamu ya Songea (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Majina ya waliochaguliwa vyuoni yanatoka, na kila mwaka kipindi hiki napata ujumbe uleule: "Nimepangiwa kozi yenye Kifaransa, sijawahi kukisoma, nitaweza au nihame?" Jibu langu ni utaweza. Ila nataka nieleze utaweza kwa njia gani, maana njia tunayoingizwa nayo wengi ndiyo inayotuletea sapu (mitihani ya marudio). Uzi ni mrefu, mwenye haraka auweke akiba arudi baadaye.

Nilianza Kifaransa mwaka wa kwanza hapa Dar, nimetoka shule ya kata ambayo haikuwa na mwalimu wa somo hilo. Sasa hivi ndicho kinachoniweka mjini: mchana natafsiri nyaraka, jioni nafundisha wanaoanza. Nitakayoyasema nayaona kila wiki kwenye madaftari ninayosahihisha.

Darasani chuoni sarufi ya Kifaransa inaelezwa kwa Kiingereza. Kitabu kimetoka Paris, lekchara anafafanua kwa Kiingereza kwa kuwa ndiyo lugha ya kufundishia, na desa (notisi za kusomea) zimeandikwa hivyohivyo. Basi mwanafunzi anatunga sentensi kwa Kiingereza kichwani, halafu anaibadilisha neno kwa neno iwe Kifaransa. Kiingereza chenyewe amekutana nacho shuleni na bado kinamsumbua. Hapo ndipo anapopotea, kwa sababu kwenye mambo mengi ya msingi Kifaransa kinakwenda na Kiswahili, Kiingereza kiko peke yake.

Angalieni umri. Sentensi ninayoisahihisha kuliko zote ni *je suis vingt ans*. Imetoka moja kwa moja kwenye Kiingereza, ambacho penye umri kinatumia kitenzi cha kuwa. Mwulize mwanafunzi huyohuyo kwa Kiswahili, "Una miaka mingapi?" Atakujibu "nina miaka ishirini". Mfaransa naye anasema *j'ai vingt ans*, nina miaka ishirini. Nina njaa, *j'ai faim*. Nina kiu, *j'ai soif*. Nina usingizi, *j'ai sommeil*. Nina hofu, *j'ai peur*. Nina bahati, *j'ai de la chance*. Ukishajua *avoir* ni kuwa na kitu, haya yote umeyapata bila kukariri.

Njoo kwenye mtendwa, yaani anayetendewa. Wanafunzi wanaandika *je vois le* wakimaanisha namwona, kwa sababu Kiingereza kinamweka mtendwa nyuma ya kitenzi. Lakini sisi tunamweka wapi? Na-mw-ona. Yuko mbele ya mzizi wa kitenzi, na Kifaransa kinamweka palepale: *je le vois*. Nakupenda, *je t'aime*. Ananijua, *il me connaît*. Nitakupigia, *je t'appellerai*. Simwoni, *je ne le vois pas*. Hata ile *ji* yetu ya kujiuliza, kujificha, kujitambulisha inakaa hapohapo: najiuliza, *je me demande*. Mtoto wa miaka mitatu Mbagala anaufahamu mpangilio huu, halafu kijana wa chuo anaambiwa ni mada ngumu ya muhula wa pili!

Kuna *depuis*, yaani tangu. "Namsubiri tangu asubuhi": kitenzi kiko wakati uliopo, kwa sababu bado unasubiri. Kifaransa: *je l'attends depuis ce matin*, wakati uliopo vilevile. Anayepitia Kiingereza anaweka wakati uliopita na anakosa alama za bure kabisa.

Na kuna *subjonctif*, ambayo watu huitaja kama ugonjwa. Jamani, sisi tunayo. Unakuja, lakini nataka uje. Unaona ile *e* ya mwisho? Hiyo ndiyo habari yenyewe. *Tu viens*, lakini *je veux que tu viennes*. Naenda, lakini lazima niende: *il faut que j'aille*. Ukisikia mdomo wako wa Kiswahili unataka kumalizia kitenzi kwa *e* baada ya nataka, lazima, au afadhali, ujue Kifaransa nacho mara nyingi kinataka subjonctif. Na "natumaini" je? Tunasema natumaini atakuja, hatusemi natumaini aje. Kifaransa: *j'espère qu'il viendra*, bila subjonctif. Wanafunzi wa Ulaya wanalikosea hili miaka na miaka.

Kivumishi mara nyingi kukaa nyuma ya nomino: gari jekundu, *une voiture rouge*. Kivumishi kufuata nomino yake: kitabu kizuri, vitabu vizuri; *un livre intéressant, des livres intéressants*. Kunawa mikono: hatusemi "mikono yangu", tunasema nanawa mikono, na Mfaransa anasema *je me lave les mains*. Hata lile la kitenzi kubadilika kufuata mtendwa aliyetangulia, *la lettre que j'ai écrite*, mtu aliyezoea kusema "barua niliyoiandika" halimshtui. Barua imeacha alama mbili ndani ya kitenzi chetu. Kifaransa kimeomba *e* moja tu.

Sisemi Kiswahili kinamaliza kila kitu. Hatuna *le*, *un* wala *du*, vile vineno vinavyotangulia nomino, kwa hiyo hizo utazijenga upya kwa mazoezi. Hatuna jinsia ya kike na kiume kwa meza na dirisha. Vitenzi vinavyotaka *être* (kuwa) badala ya *avoir* kwenye wakati uliopita (*je suis allé, elle est née*) utavikariri tu. Na Kifaransa kinaweza kupanga watendwa wawili mbele ya kitenzi, *je le lui donne*, wakati sisi kitenzi kinabeba mmoja. Ila ukiondoa hayo, umeingia darasani ukiwa na nusu ya sarufi mdomoni na hakuna aliyekwambia.

Karibuni kwa maswali.

---

Binti wa Uyole

Kaka asante sana, mimi ndiye mlengwa kabisa. Nimechaguliwa chuo kimoja, Kifaransa na Kiswahili, na nyumbani Mbeya sijui hata mtu mmoja anayekiongea. Sarufi uliyoeleza nimeielewa. Kinachonitisha ni matamshi. Nimefungua video moja jana, sikushika kitu. Ninachokiona kimeandikwa na ninachokisikia haviendani kabisa.

---

Hesabu Kwanza

Uzi mzuri lakini tuwe wakweli. Vijana wanamaliza shahada za sayansi hawana kazi, wewe unawapa moyo wakasome Kifaransa? Waajiri wako wapi?

---

Kisauni Leo

Dada wa Uyole, mimi niko Mombasa, nilikisoma sekondari. Kitu kimoja tu nikupe. Ile R ya Kifaransa inayowatesa watu, sisi wa pwani tunayo tayari. Sema *ghali*, *ghafla*, *ghorofa* kwa gh yenyewe ya kooni, si "gali". Sasa ishike hiyo gh useme *Paris*, *merci*, *rouge*. Umefika. Kama huko kwenu mnaitamka kama g, mtafute mtu wa Tanga au Unguja akutamkie ghali polepole.

---

Kalamu ya Songea

Kisauni Leo, shukrani mkuu. Nafundisha hivyohivyo, na wanafunzi waliosoma madrasa wanaidaka mara moja kwa sababu ya ghain, ile herufi ya Kiarabu.

Binti wa Uyole, hofu yako ina msingi. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo macho yetu yamezoea kuamini kila herufi. Kifaransa hakiko hivyo. Chukua *il mange* na *ils mangent*. Ya kwanza ni anakula, ya pili ni wanakula. Kwa sikio ni kitu kimoja: "il manzh". Ile *-ent* yote ni kimya. Sasa chukua *il aime* na *ils aiment*. Ya kwanza inasikika "ilem", ya pili "ilzem". Hiyo z ndogo ni s ya *ils* iliyoamka kwa sababu neno linalofuata limeanza kwa irabu, na ndiyo pekee inayokwambia ni watu wengi. Lekchara akisoma imla, sikio lako liwe linaiwinda hiyo z.

Mambo ya kufanyia kazi wiki za mwanzo ni haya. Konsonanti ya mwisho mara nyingi haitamkwi: *petit, beaucoup, Paris*. Usiongeze irabu mwishoni, maana Kiswahili kinatuvuta tuseme "madamu" na "klasi". Kata pale konsonanti inapoishia. Kuna *u* ya *tu*, ambayo si u yetu: sema *i*, ishikilie, halafu kusanya midomo kama unataka kusema *u* bila kusogeza ulimi. U yetu ya kawaida wao wanaiandika *ou*, kama *vous*. Ukizichanganya, *dessus* (juu yake) inageuka *dessous* (chini yake). Halafu zile za puani, *vin, vent, vont*: n haifiki ulimini, sauti inapita puani na mdomo unabaki wazi. Ulimi ukigusa nyuma ya meno, umetamka n ya Kiswahili, rudia.

Usijifunze neno kwa macho peke yake. Lisikie kwanza, liseme, ndipo uliandike.

---

Kalamu ya Songea

Hesabu Kwanza, swali lako ni la haki na nitalijibu bila kumdanganya mtoto wa mtu.

Fungua ramani. Burundi na Rwanda ziliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Congo ikaingia 2022. Mzigo wa Congo unashushwa bandari ya Dar, unapanda malori hadi Tunduma, unaingia Zambia kwenda Lubumbashi. Nyaraka za kule ni za Kifaransa. Kariakoo wafanyabiashara wa Lubumbashi na Bukavu wanaongea Kiswahili na sisi vizuri tu, lakini mkataba, ankara na barua ya forodha haviandikwi kwa Kiswahili. Mtu wa uwakala wa forodha anayesoma Kifaransa ana thamani ofisini.

Arusha kuna Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambako Kifaransa ni lugha ya kazi ya kila siku. Kabla yake, mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa mji huohuo kuanzia 1995 hadi 2015 ikiendesha kesi kwa Kiingereza na Kifaransa, na ilihitaji wafasiri na wakalimani muda wote huo. Kigoma kuna mashirika yanayohudumia wakimbizi wa Burundi na Congo. Utalii unataka waongozaji wanaoweza kukaa na familia ya Wafaransa Serengeti siku nzima. Na shule zinatafuta walimu.

Nikubaliane nawe hapa: Kifaransa peke yake, cha kiwango cha kujitambulisha, hakimwajiri mtu. Kinaajiri kikifika mbali na kikiambatana na kitu kingine, iwe sheria, uhasibu, utalii, ualimu au uandishi. Ndiyo maana nataka tuongelee saa.

Makadirio yanayotumika na walimu wengi ni kwamba A1, ngazi ya kwanza kabisa, inahitaji saa 60 hadi 100 za kusoma na mwalimu, na B2, kile kiwango cha kufanya kazi bila kushikwa mkono, inafika saa 500 hadi 650. Piga hesabu ya chuo. Ukiwa na vipindi 4 kwa wiki na muhula wa wiki 15, umepata saa 60. Mwaka mzima 120. Miaka mitatu 360, hapo hujatoa mgao wa umeme, sikukuu na wiki za majaribio. Yaani ukitegemea darasa peke yake, unahitimu ukiwa B1, ngazi moja chini ya B2. Zile saa 200 na zaidi zilizobaki lazima uzitafute mwenyewe, na anayezitafuta ndiye unayemkuta ofisini.

---

Mpakani Bukavu

Ndugu zangu wa Tanzania, salamu toka Kivu ya Kusini. Nimefurahi kusoma huu uzi kwa sababu kwetu mambo yako kinyume chenu: tumezaliwa ndani ya Kiswahili, Kifaransa tukakikuta masomoni, Kiingereza kwetu ndicho kigeni. Kifaransa ni lugha rasmi ya Congo, na Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa pamoja na Lingala, Kikongo na Tshiluba. Mtu wa Bukavu anapita toka Kiswahili kuingia Kifaransa ndani ya sentensi moja na hakuna anayeshangaa. Kwa hiyo hilo daraja kaka analolisema, sisi tunalivuka kila siku bila kupitia kwa Waingereza.

Nawashauri jambo moja kuhusu hesabu. Vitabu vya Paris vitawafundisha 70 ni *soixante-dix*, sitini na kumi, na 90 ni *quatre-vingt-dix*, ishirini mara nne na kumi. Sisi Congo, kama Wabelgiji, tunasema *septante* na *nonante*. Sabini na tisini, basi. Thamanini tunasema *quatre-vingts* kama Wafaransa. Mkija Bukavu kufanya biashara mkasikia *nonante-cinq* msifikiri mtu amekosea.

Na msiwaogope Wacongo walioko kwenu. Mnao wengi Dar na Kigoma. Mwambie tu, "Ndugu, nasoma Kifaransa, tuongee." Atafurahi sana.

---

Binti wa Uyole

Kaka wa Bukavu asante. Kwa hiyo mtihanini niandike septante au soixante-dix?

---

Kalamu ya Songea

Zote ni Kifaransa sahihi, lakini chuo chako kikifuata vitabu vya Ufaransa andika *soixante-dix*, na septante uitambue ukiisikia. Kwenye mtihani wa kusikiliza namba ndizo zinazokamata watu, hasa namba za simu, kwa sababu Wafaransa wanazisoma mbili mbili. Ukisikia *soixante* usiandike 6 na 0 haraka. Subiri. Ikifuata *quinze*, hiyo ni 75. Ukisikia *quatre-vingt* subiri tena: ikifuata *dix-sept* ni 97, ikifuata *sept* ni 87. Zoezi: kila gari linalopita, soma namba zake kwa Kifaransa. Mandela Road ina magari ya kutosha.

---

Chaki na Ubao

Nimefundisha Kifaransa sekondari miaka mingi, naomba niongeze na kusahihisha kidogo.

Kwanza, mleta uzi, nakuunga mkono kuhusu Kiswahili. Historia nayo inakubeba. Mapadri Wafaransa walifika Bagamoyo mwaka 1868, na mmoja wa waliowafuata, Charles Sacleux, ndiye aliyeandaa kamusi kubwa ya Kiswahili kwa Kifaransa iliyochapishwa Paris mwaka 1939, ambayo wataalamu wa lahaja zetu wanaitumia hadi leo. Hizi lugha mbili zimetazamana uso kwa uso muda mrefu. Ni aibu kwetu kwamba mwanafunzi wa Tanzania bado anafundishwa moja bila kuruhusiwa kugusa nyingine.

Pia kuna mfano uliousahau. Tunasema "naogopa asije akaanguka". Mfaransa anasema *j'ai peur qu'il ne tombe*. Hiyo *ne* haikanushi kitu, na wanafunzi wa B2 hawaelewi inatafuta nini pale. Mswahili anayejua "asije" anaielewa.

Pale ninapotofautiana nawe ni kwenye jinsia. Umewaambia ni jambo la kukariri na ukapita. Mwanafunzi anayekariri kavu anachoka. Kuna miisho inayosaidia. Maneno ya *-tion* na *-ette* karibu yote ni ya kike, na ya *-té* mengi ni ya kike: *la question, la cigarette, la liberté*. Karibu yote ya *-ment* na *-isme*, na mengi ya *-age* na *-eau*, ni ya kiume: *le logement, le tourisme, le voyage, le bureau*. Halafu yapo yanayotoka nje ya mstari, kama *la plage, la page, l'image, l'eau, la peau*; hayo ndiyo ya kuandika pembeni. Na sisi wenye ngeli hatuna haki ya kulalamika. Mtoto wetu anajua kusema kiboko amekufa, si kimekufa, japo neno linaanza na *ki*. Anajua umbo ni jambo moja na upatanisho ni jingine. Hilo ndilo Kifaransa kinalohitaji.

Mwisho wa maneno yangu: kila nomino iandikwe daftarini na kineno chake cha mbele, *un* au *une*. Usiandike *table*. Andika *une table*. Ukiiandika uchi leo, mwakani utaulizwa ni ya kike au ya kiume na hutakuwa na pa kuanzia.

---

Kalamu ya Songea

Mwalimu, shikamoo, na nakushukuru. Hiyo ya "asije" kuanzia leo naingia nayo darasani.

---

Hesabu Kwanza

Nimekuelewa kuhusu saa. Sasa nijibu hili: mwanafunzi anaishi kwa boom (mkopo wa kujikimu), chumba wako wanne, hana hela ya kozi ya nje. Hizo saa 200 anazitoa wapi?

---

Kalamu ya Songea

Kwenye simu na kwenye watu.

Redio ya kimataifa ya Ufaransa, RFI, ina idhaa ya Kiswahili tangu mwaka 2010. Sikiliza kwanza habari za siku kwa Kiswahili. Ukishajua nini kimetokea Goma au Paris, fungua *Journal en français facile* ya RFI hiyohiyo: dakika 10 za habari kwa Kifaransa chepesi, na maandishi yake yapo mtandaoni. Kwa kuwa habari unaijua, masikio yanapata pa kushika. Mara ya kwanza sikiliza bila kusoma, mara ya pili soma huku unasikiliza, mara ya tatu simamisha kila sentensi uirudie kwa sauti. Kwa wa sifuri kabisa hii itakuwa ngumu miezi ya mwanzo, kwa hiyo aanzie TV5MONDE. Wana mazoezi ya bure yaliyopangwa kwa ngazi kuanzia A1, yana video na masahihisho palepale. Pakua usiku kwenye intaneti ya chuo, fanya mchana.

Watu: kwenye darasa lako hutakosa mwenzako aliyekulia Kigoma, Bujumbura au Bukavu, au aliyesoma tahasusi yenye Kifaransa. Wa sifuri wengi wanamkwepa kwa sababu anawafanya wajione wako nyuma, na lekchara akiuliza swali huyo ndiye anayejibu kila siku. Kaa naye. Mpe unachokijua, naye akupe Kifaransa. Anayetoka Burundi mara nyingi anahangaika na Kiingereza cha kozi nyingine, kwa hiyo mnabadilishana na hakuna anayemdai mwenzake.

Alliance Française zipo Dar, Arusha na Nairobi. Kozi zake ni za kulipia, lakini kuna maktaba, filamu na maonyesho. Nenda hata kama hujajiandikisha, usikie lugha ikiishi nje ya ubao.

Na ukipata fedha mahali, iweke kwenye mtihani wa DELF. Huo unatolewa na serikali ya Ufaransa na cheti hakiishi muda. A1, A2, B1, B2, kila mmoja unajitegemea. Alama ni 100, kufaulu ni 50, lakini kuna vipengele vinne vya alama 25 kila kimoja: kusikiliza, kusoma, kuandika, kuongea. Ukipata chini ya 5 kwenye kimoja umefeli wote, hata kama jumla inatosha. Wanafunzi wetu wanaandika vizuri na wanaanguka kwenye kusikiliza, kwa sababu chuoni walikaa na karatasi.

Mtihani wa kuongea wa A1 hautishi. Unajibu maswali kukuhusu, halafu unapewa vikaratasi vyenye neno mojamoja, tuseme *famille* au *vacances*, na wewe ndiye unayemuuliza mtahini swali juu ya neno hilo. Kisha mnaigiza kununua kitu dukani. Tumia *vous* muda wote. Hilo kwa mtu aliyelelewa na shikamoo halihitaji maelezo.

---

Kisauni Leo

Huku Kenya mambo ni yale yale, Kifaransa chafundishwa kwa Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Naomba ruhusa niuchukue huu uzi niwapelekee walimu ninaowajua.

---

Kalamu ya Songea

Chukua mkuu, ndiyo kazi yake.

---

Binti wa Uyole

Kaka, nimejaribu usiku huu kwa kuanzia kwenye Kiswahili kama ulivyosema. Sikutumia programu ya kutafsiri, nilitumia kamusi tu. Naomba unisahihishe mbele ya watu, sioni haya:

*Bonjour. J'ai dix-neuf ans. Je suis une étudiante. J'habite à Mbeya avec ma mère. J'ai deux frères et une sœur. Ma mère a une boutique. Je l'aime beaucoup. J'apprends le français depuis une semaine.*

---

Kalamu ya Songea

Hongera mdogo wangu. Umri uko sawa, *je l'aime* iko mahali pake, na hiyo *depuis* umeiweka na wakati uliopo kama inavyotakiwa. Una wiki moja tu.

Pa kurekebisha ni mahali pamoja tu: *je suis une étudiante*. Hiyo *une* imetoka kwenye Kiingereza, ambacho hakiwezi kutaja kazi ya mtu bila kuweka neno dogo mbele yake. Kiswahili unasema mimi ni mwanafunzi, hakuna kitu katikati. Kifaransa hivyohivyo: *je suis étudiante*. Mama ni mwalimu, *ma mère est professeure*. Baba ni dereva, *mon père est chauffeur*.

Sasa andika sentensi nyingine nane, uweke mambo uliyoyafanya jana. Tumia *avoir* kwanza: *j'ai mangé, j'ai lavé, j'ai regardé*. Zile za *être* tutaziingia ukishazoea hizi. Zitume hapahapa ili na wengine wanaosoma kimyakimya wajifunze.